Sura ya Saba: Mzinga Unaochorwa Mara Moja

Watu wanaoandika ripoti kwa kompyuta huwa wana swali moja ambalo halihusu herufi wala majedwali. "Kila mwezi nachora alama ileile kwenye ripoti ya kijiji. Hakuna namna ya kuichora mara moja tu, halafu nikaiita kila ninapoihitaji?" Huuliza watendaji wa vijiji, walimu, makatibu wa vikundi vya wafugaji nyuki na askari wa wanyamapori wa vijiji. Namna ipo, tena zaidi ya moja, na zote zimo ndani ya programu ambayo tayari unaitumia kuandikia barua.

Mfano wetu katika sura hii ni Rungwa, kata iliyo katika Halmashauri ya Itigi, Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida. Barabara inayopanda kutoka Mbeya kupitia Chunya na Makongolosi ikifika hapo inagawanyika: moja huenda Itigi kwenye Reli ya Kati, nyingine hushika njia ya Ipole na Sikonge hadi Tabora. Kata hiyo imepakana na pori linalobeba jina hilohilo, Pori la Akiba Rungwa, lililoanzishwa mwaka 1951 na ambalo leo liko chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Upande mwingine pori hilo linagusana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Nimeichagua Rungwa kwa sababu karibu kila jambo analoandika mtu wa ofisi ya kijiji huko lina mahali pake juu ya ardhi. Mizinga imetundikwa wapi? Tembo wamepita wapi? Kigingi cha mpaka kiko wapi, na lambo liko upande gani wa barabara? Ripoti ya namna hiyo isiyo na ramani humlazimisha msomaji kubahatisha.

Alama ikibadilika kila mwezi

Alama ni mchoro mdogo unaosimama badala ya kitu. Tulifundishwa shuleni kwamba ramani kamili ina jina, kipimio, dira, fremu na ufunguo. Ufunguo ni kile kisanduku cha pembeni kinachoeleza kila alama ina maana gani, na ndicho tunachokishughulikia hapa.

Tuseme ripoti ya Januari inaonyesha tembo kwa duara lenye mkonga. Machi, mwandishi ana haraka, anaweka pembetatu. Juni anapakua picha ya tembo kutoka intaneti na kuibandika. Kila ripoti ikisomwa peke yake inaeleweka. Shida humwangukia anayezisoma zote pamoja. Ofisa wa halmashauri anayetaka kujua kama tembo wanarudi kwenye mashamba yaleyale kila msimu anaziweka ramani tatu mezani, na hazizungumzi lugha moja.

Jambo hili lina uzito. Mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyama wakali anaweza kuomba kifuta jasho, na familia iliyojeruhiwa au kufiwa huomba kifuta machozi. Kanuni za malipo hayo za mwaka 2011 ziliangalia, pamoja na mengine, ukubwa wa eneo lililoharibiwa na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Mchoro unaoonyesha shamba, kigingi na njia ya tembo kwa alama zinazofahamika humsaidia mwombaji kueleweka. Mchoro wenye alama za kubuniwa siku hiyohiyo huzaa maswali, na kila swali ni safari nyingine ya kwenda Itigi na kurudi.

Alama zinatoka kwa nani?

Wengi hukimbilia kompyuta kwanza. Mimi naona huko ni kuanzia mwisho, kwa sababu alama nzuri mara nyingi zimeshazaliwa kijijini.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 zinavipa vijiji nafasi ya kupanga matumizi ya ardhi yao wenyewe. Katika upangaji shirikishi, wanakijiji huchora kwanza ramani ya mchoro, yaani ramani isiyopimwa, mara nyingi chini kwenye udongo. Jiwe linawekwa kuwa kilima, majani yanakuwa msitu, fimbo inakuwa barabara. Wazee wanabishana, akina mama wanasogeza kisima kwa sababu wao ndio wanaokwenda kuchota maji, wafugaji wanarekebisha njia ya mifugo. Kisha mchoro unahamishiwa kwenye karatasi kubwa.

Katika mabishano hayo watu wanakuwa wamekubaliana juu ya alama. Mwenye kompyuta akija kuchapa ripoti bila kuitazama karatasi ile, anaingiza alama za kwake, na makubaliano ya mkutano mzima yanapotea. Kwa hiyo anza na karatasi ile. Andika orodha fupi ya vitu vinavyojirudia kwenye ripoti zenu. Kwa kijiji cha ukanda wa Rungwa ningeanza na hivi:

- mzinga wa nyuki
- tembo, yaani mahali walipoonekana au kupita
- kigingi cha mpaka
- lambo na kisima, kila kimoja na alama yake
- shamba lililoharibiwa
- josho na njia ya mifugo
- zahanati na shule

Alama zikizidi 15, msomaji atashindwa kuzishika. Vitu visivyojirudia viandike kwa maneno.

Kanuni ya fotokopi

Ripoti ya kijiji huanza na rangi kwenye kioo cha kompyuta, ikachapwa nyeusi na nyeupe steshenari, kisha ikatolewa fotokopi, na fotokopi hiyo ikatolewa fotokopi nyingine. Alama inayotegemea rangi, kwa mfano duara la kijani kwa msitu na duara jekundu kwa hatari, hufika kwa ofisa wa mwisho ikiwa madoa mawili ya kijivu yanayofanana.

Kwa hiyo kila alama itofautiane na mwenzake kwa umbo. Ichore kwa mstari mweusi juu ya nyeupe, isizidi kimo cha milimita 8 hivi, na usiweke kivuli wala mapambo. Kabla ya kuipitisha, ichape, itoe fotokopi, kisha itoe fotokopi ya fotokopi. Ukiona mkonga wa tembo umekatika, nenepesha mstari.

Kuna somo lingine kutoka mbali ambalo linafaa hapa. Miaka ya 1920 jijini Vienna, Otto Neurath alianzisha mfumo wa kueleza takwimu kwa picha ndogo, ambao baadaye uliitwa Isotype. Mchoraji wake mkuu, Gerd Arntz, alichora alama takribani 4,000. Kanuni yao kuu ilikuwa hii: kitu kikiongezeka, usiikuze alama, irudie. Kikundi chenye mizinga 30 usikichoree mzinga mkubwa mara tatu kuliko wa kikundi chenye mizinga 10. Chora mizinga mitatu, na ufunguo useme kila mmoja unasimama kwa 10. Jicho huhesabu vizuri kuliko linavyopima ukubwa. Kanuni hii inawezekana tu kama alama yako inaweza kurudiwa bila kuchorwa upya, na hapo ndipo kompyuta inapoanza kazi.

Tuchore mzinga

Tutachora mzinga wa gogo uliotundikwa mtini. Maelekezo haya ni ya Word. Majina ya amri nayaandika kama yanavyoonekana kwenye kompyuta nyingi nchini, yaani kwa Kiingereza.

Fungua ukurasa mtupu. Bofya "Insert", kisha "Shapes". Miongoni mwa maumbo ya msingi utaona umbo la pipa lililosimama, linaloitwa "Can" au, kwenye matoleo mapya, "Cylinder". Lichore dogo, kimo sentimita moja na nusu hivi. Juu yake kuna kishikio cha mviringo cha kuzungushia. Kikamate, shikilia kitufe cha Shift, zungusha hadi pipa lilale. Shift hulifanya lizunguke kwa hatua za nyuzi 15, hivyo litalala sawasawa, halitaenda mshazari. Sasa una gogo lililolala, na uso wake wa duara unatazama pembeni.

Ondoa rangi ya ndani, weka nyeupe. Mstari wa nje uwe mweusi, unene wa pointi 1. Pointi ni kipimo cha wachapaji, na inchi moja ina pointi 72. Chora kiduara kidogo juu ya ule uso wa gogo, kijaze weusi: huo ni mlango wa nyuki. Chora mstari mfupi kwenda juu kutoka mgongoni mwa gogo, na juu yake mstari mnene wa kulala. Hilo ndilo tawi.

Sasa una vipande vinne vilivyotawanyika, na ukikivuta kimoja vingine vinabaki. Bofya kipande cha kwanza, shikilia Shift, bofya vingine vyote, kisha bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague "Group". Kuanzia hapo kompyuta inavihesabu kuwa kitu kimoja.

Mambo mawili huwasumbua wengi katika hatua hii. La kwanza: ukikuza au kupunguza mchoro, unene wa mistari haubadiliki. Mzinga uliopendeza ukiwa na sentimita 5 utakuwa doa jeusi ukiufinya hadi milimita 8. Dawa ni kurekebisha mistari mchoro ukiwa katika ukubwa ule utakaotumika. Unapofinya, vuta kona huku umeshikilia Shift ili umbo lisipotoke.

La pili: mchoro wa Word kwa kawaida huelea juu ya maandishi. Ukiongeza aya moja juu yake, mzinga unaruka na kwenda kukaa mahali pasipo pake. Kama alama itatumika ndani ya sentensi, kwenye jedwali au kwenye ufunguo, ibofye, fungua kitufe kidogo cha mpangilio kinachotokea pembeni, uchague "In Line with Text". Amri hiyo huifanya alama ikae kwenye mstari kama herufi. Kama itatumika juu ya picha ya ramani, iache ielee. Mimi hushauri kuhifadhi zote mbili kwa majina tofauti.

Kuuhifadhi kwenye Word

Chagua mzinga wako, kisha bonyeza Alt na F3 kwa pamoja. Dirisha dogo linafunguka likiuliza jina. Andika "mzinga". Kwenye nafasi ya "Category" tengeneza kundi jipya lenye jina la kijiji chenu, ili alama zenu zisichanganyike na mapambo yaliyokuja na programu. Bofya OK.

Kuanzia sasa, mahali popote kwenye barua au ripoti, andika mzinga na ubonyeze F3. Neno linaondoka, mchoro unakaa mahali pake. Kwenye baadhi ya kompyuta za mpakato, F3 inahitaji kubonyezwa pamoja na kitufe cha Fn. Anayependa kuona picha kabla ya kuchagua aende "Insert", kisha "Quick Parts", na hapo ataiona bohari nzima.

Kuna tahadhari moja kubwa. Word haiandiki alama hizo kwenye diski papo hapo. Huziweka kwenye kumbukumbu ya muda, na inapofungwa ndipo hukuuliza kama uhifadhi mabadiliko ya "Building Blocks". Wengi hubofya hapana kwa sababu hawaelewi wanaulizwa nini, na kazi ya asubuhi nzima inapotea. Umeme ukikatika, au betri ya sola ikiisha kabla hujaifunga programu, matokeo ni yaleyale. Ukishahifadhi alama mbili tatu, funga Word, kubali kuhifadhi, uifungue tena ndipo uendelee.

Kwa wasio na Word

LibreOffice ni programu ya bure inayofanya kazi kama Word. Ina historia inayotuhusu. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo la Kiswahili la mtangulizi wake, OpenOffice.org, likaitwa Jambo OpenOffice. LibreOffice yenyewe ilizaliwa mwaka 2010 kutoka kwenye mti huohuo. Kwa hiyo Mtanzania anayeitumia hatumii kitu cha kigeni kabisa. Nitafurahi sana siku kazi ile ya kutafsiri itakapoendelezwa kwa nguvu ileile.

Humo, ghala la michoro linaitwa "Gallery", na hufunguliwa kupitia "View". Bofya kitufe cha kuunda kundi jipya, ulipe jina la kijiji. Uchoraji ufanyie kwenye Draw, programu ndugu inayokuja kwenye kifurushi hichohicho, kwa sababu ina nafasi na zana zaidi. Ukishaunganisha vipande vya mzinga, uchague, uachie kipanya. Kisha ubofye tena, na safari hii shikilia bila kusogeza kwa zaidi ya sekunde 2, ndipo uuvute hadi ndani ya ghala. Ukiharakisha, utausogeza tu kwenye ukurasa. Kuutumia ni kinyume chake: unauvuta kutoka ghalani hadi kwenye ripoti.

*Kwa ufupi hadi hapa:* kubalianeni alama kwanza, chora kwa umbo, usitegemee rangi, unganisha vipande, hifadhi kwa jina, Word huita kwa jina na F3, LibreOffice huvuta kutoka ghalani.

Nikiurekebisha mzinga, ripoti za zamani zitabadilika?

Hapana. Alama iliyohifadhiwa hufanya kazi kama muhuri wa ofisi: ukichonga mpya, karatasi zilizokwisha kupigwa hubaki na ule wa zamani. Kila unapobonyeza F3 unapata nakala inayojitegemea.

Wazo la nakala zinazomfuata mama yao lipo tangu zamani. Mwaka 1963, Ivan Sutherland wa chuo cha MIT, Marekani, alionyesha programu ya kuchorea iliyoitwa Sketchpad. Ndani yake mtu alichora umbo moja mama, akalitumia mara nyingi, na alipolibadilisha lile la mama, yote yalibadilika papo hapo. Programu nyingi za wahandisi na wachora ramani zina uwezo huo. Programu za kuandikia hazikuujenga kwa michoro yake.

Kuna njia ya kuukaribia. Hifadhi mzinga kama faili la picha linalojitegemea, kisha unapoliingiza kwenye ripoti, chagua kuliunganisha na faili badala ya kulimeza. Kwenye Word, amri ya kuingiza picha ina mshale mdogo pembeni wenye chaguo la "Link to File". Kwenye LibreOffice kuna kisanduku cha kuweka tiki kwa ajili hiyo. Ukibadilisha faili, ukachagua yote na kubonyeza F9 kwenye Word, michoro yote inafuata.

Binafsi siipendekezi njia hii kwa ripoti za kijiji. Ripoti ikihamia kwenye kompyuta nyingine bila lile folda la picha, mpokeaji anakuta visanduku vitupu. Tena ripoti ya Machi inapaswa kubaki kama ilivyosainiwa Machi. Kubadilika kwake baadaye bila mtu kujua ni hatari kwenye shauri la mpaka au la kifuta jasho. Nakala inayojitegemea ndiyo salama.

Emoji na fonti je?

Tembo wa emoji yupo kwenye simu, na nyuki yupo. Mzinga wa gogo haupo, kigingi cha mpaka hakipo, josho halipo. Hata tembo mwenyewe huonekana tofauti kwenye kila aina ya simu, jambo linaloturudisha kwenye shida ya mwanzo.

Fonti ni jambo zito zaidi. Fonti ni faili lenye maumbo ya herufi, na mtu anaweza kutengeneza yenye alama zake mwenyewe kwa programu ya bure kama FontForge. Unicode, ule mpangilio wa dunia unaoipa kila herufi namba yake, umetenga nafasi 6,400 za matumizi binafsi kuanzia namba E000. Alama ikiwa fonti, huchapwa kama herufi na hukuzwa bila kuharibika, unene wa mistari ukikua nayo. Kasoro ni kwamba asiye na fonti hiyo ataona visanduku. Kwa wilaya nzima inayotaka alama za pamoja, njia hii inafaa kufikiriwa. Kwa kijiji kimoja, ni mzigo.

Kuzigawa, na kuzikabidhi

Ripoti uliyoituma kwa WhatsApp au flashi hufika na alama zake, maana ni nakala zilizomezwa. Ghala lenyewe halisafiri. Mwenzako wa kitongoji cha pili ataiona mizinga yako lakini akibonyeza F3 hapati kitu.

Kwenye Word, suluhisho ni kiolezo, yaani faili tupu lililopangwa tayari ambalo ripoti zote huanzia. Unapohifadhi alama, kwenye nafasi ya "Save in" chagua kiolezo chenu badala ya lile faili la kawaida la programu. Kila atakayeanzisha ripoti kwa kiolezo hicho atakuta alama zote ndani. Kwenye LibreOffice, kila kundi la ghala ni mafaili matatu yenye jina moja na viambishi sdg, sdv na thm, yaliyo kwenye folda la "gallery" la mtumiaji. Yanakiliwe yote matatu pamoja.

Watendaji huhamishwa, na mara nyingi kompyuta ni mali ya mtu binafsi. Akiondoka nayo, alama za kijiji zimeondoka. Kwa hiyo kiolezo kikae kwenye flashi ya ofisi na kwenye barua pepe ya ofisi kama ipo. Pamoja nacho kuwe na karatasi moja iliyochapwa yenye ufunguo kamili: kila alama, maana yake, jina lake la kuitia kwenye kompyuta, na tarehe ya mkutano ulioikubali. Karatasi hiyo iingie kwenye jalada moja na muhtasari wa mkutano huo, na alama mpya ikiongezwa, karatasi mpya iwekwe juu ya ile ya zamani bila kuitoa, ili anayesoma ramani ya mwaka uliopita ajue alama zake zilikuwa na maana gani wakati huo.